Usiku wa Nyota kwa Watoto wa Tanga: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Sisi ni walimu wachache na wazazi wenye watoto wa chekechea hadi darasa la nne hapa Tanga mjini. Anga likiwa safi tunawapeleka watoto pwani jioni wakatazame mwezi na nyota. Hatuna ofisi wala bango. Tuna mikeka, darubini moja, na maswali ya wazazi na walimu wenzetu, mengine yakiulizwa kwa simu saa nne usiku. Tumeyakusanya hapa pamoja na majibu yake, ili anayetaka kuanzisha jambo hili mtaani kwake, iwe Ngamiani, Sahare au Pongwe, apate pa kushika.

Mnafundisha unajimu? Sitaki mwanangu apigiwe ramli.

Hili ndilo swali la kwanza kila mara, na hatumlaumu anayeuliza. Kwa Kiswahili neno unajimu limebebeshwa mizigo miwili. Kwenye vitabu ni elimu ya nyota na sayari. Mtaani, mnajimu ni yule wa redioni anayekwambia nyota yako ni Mizani na leo usikopeshe pesa, au mzee anayehesabu herufi za jina lako na la mama yako kisha anafungua kitabu. Hata neno falaki, ambalo asili yake ni njia zinazopitwa na jua, mwezi na nyota angani, hapa kwetu limeshika harufu ya ubani. Ndiyo maana sisi tunasema astronomia, au elimu ya anga, na tunamweleza mzazi tofauti mapema kabla hajaisikia kwa jirani.

Tofauti yenyewe ni kwamba tunayoyasema sisi mtoto anaweza kuyakagua. Tukimwambia sayari ya Mshtarii (Jupita) ina miezi minne mikubwa, anainama kwenye darubini na kuihesabu mwenyewe. Kesho yake anatazama tena, anakuta imehama: jana ilikuwa miwili huku na miwili huku, leo mitatu iko upande mmoja, na mmoja umejificha. Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliona hivyohivyo Januari 1610, akachora kila usiku kwenye daftari. Mtoto wa darasa la pili wa Chumbageni anaweza kuchora vilevile, na asipoiona minne ana haki ya kutubishia. Mpiga ramli habishiwi.

Kuna baba mmoja alikuja kumchukua binti yake katikati ya shughuli, uso umekunjamana. Tukamwomba atazame Zohali, sayari yenye pete, kwanza, halafu aamue. Alipoiona ile pete alinyamaza kidogo, akauliza kama kioo kimebandikwa picha. Tukaisogeza darubini kidogo, Zohali ikatoka pembeni, tukairudisha. Siku hiyo aliondoka wa mwisho.

Watoto wa umri gani wanafaa?

Kuanzia miaka 4. Mpango wa kimataifa wa Universe Awareness, ulioanzia Chuo Kikuu cha Leiden huko Uholanzi, uliwalenga watoto wa miaka 4 hadi 10, hasa wanaotoka mazingira magumu, na sisi tumeona umri huo ndio wenyewe. Mtoto wa miaka 5 haoni aibu kuuliza kwa nini usiku ni mweusi. Akifika darasa la sita ameshajifunza kuuliza yale tu yatakayotoka kwenye mtihani.

Hatuna darubini. Tunaweza kuanza?

Anzeni bila darubini, hata kama mnayo. Tulifanya kosa hilo mwanzoni: tuliiweka darubini mbele, watoto wakaipenda yenyewe kuliko anga. Walitaka kuishika, kuizungusha na kupiga nayo picha. Tulipowauliza wametazama nini, wengi hawakujua.

Mtoto wa pwani ana anga lake tayari, ila hakuna aliyemwambia kuwa ni anga. Anajua maji yakipwa sana anaweza kwenda mbali kuokota chaza na kombe, na yakijaa yanapiga ukuta. Anawasikia wavuvi wa Deep Sea, wanakoshushia samaki hapa mjini, wakisema bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapobadilika kidogo tu. Muulize bamvua huja lini. Wakubwa watajibu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Hapo umeshaingia kwenye astronomia bila kutumia shilingi. Jua na mwezi vikijipanga mstari mmoja na dunia, vinavuta bahari kwa pamoja, na hapa Tanga tofauti ya maji kujaa na kupwa inazidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta kwake na mwezi kwake, maji yanakuwa mafu.

Zoezi letu la kwanza kwa hiyo ni la mwezi mzima, na vifaa vyake ni daftari na penseli. Kila siku mtoto anachora mwezi alivyouona na saa aliyouona. Wanaokaa karibu na bahari wanaandika pia saa ya maji kujaa, wakiwauliza wavuvi. Baada ya siku 29 au 30 picha inajirudia. Wakilinganisha saa wanagundua wenyewe kwamba mwezi unachelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50 kila siku, na maji nayo yanachelewa karibu kiasi hichohicho. Mvuvi hakuwahi kuliita hilo sayansi, lakini ndilo linalompangia saa ya kuingia baharini.

Zoezi la pili linahitaji chungwa la Muheza na kunazi. Chungwa ndilo dunia, kunazi ndilo mwezi, maana upana wa mwezi ni zaidi kidogo ya robo ya upana wa dunia. Waambie watoto waliweke kunazi mahali pake. Karibu wote wataligandisha kwenye chungwa, au wataliweka umbali wa kiganja. Kumbe kwa chungwa la sentimita 8 kunazi linatakiwa kukaa mita 2 na nusu hivi, upande wa pili wa chumba. Wakishangaa hapo, waulize jua litakuwa wapi. Litakuwa tufe la karibu mita 9 kwenda juu, refu kuliko nyumba nyingi za mtaani, na litakaa umbali wa karibu kilomita 1. Tuliwahi kuwatembeza watoto umbali huo kutoka shuleni, chungwa mkononi. Walipofika wakageuka kutazama walikotoka, na mmoja akauliza kama chungwa lingine limebaki, maana hili lilikuwa limeshaliwa njiani.

Kwa nini mwanangu amechora mwezi umelala, na mwalimu kamwekea kosa?

Mwanao yuko sawa. Vitabu vingi vya picha vimechorwa na watu wa Ulaya, ambako mwezi mchanga husimama wima kama ndizi iliyoegeshwa ukutani. Sisi tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Kwetu jua linazama karibu wima, na mwezi unalifuata njia ileile, kwa hiyo upande unaoangazwa unakuwa chini na pembe mbili zinatazama juu. Mwezi unakaa kama dau. Watoto wamelitumia neno hilo wenyewe bila kufundishwa.

Jambo hili lilitokea kwenye shule moja ambayo hatutaitaja. Mtoto alichora alichokiona kwa macho yake, akawekewa alama nyekundu kwa sababu hakikufanana na kitabu. Hatujui njia ya haraka zaidi ya kumwambia mtoto aache kutazama. Tulimwomba mwalimu, kwa adabu zote, atoke nje jioni ya tatu baada ya mwezi kuandama. Alitoka, akarudi kumsahihishia mtoto yule.

Mnahusika na kutangaza mwezi wa Ramadhani na Idi?

Hapana. Hilo lina wenyewe. Tunachofanya ni kuwaonyesha watoto mahali pa kutazama: magharibi, chini, mara tu baada ya jua kuzama, na si zaidi ya dakika chache. Tunawaeleza pia kwamba mwezi mchanga uliolipita jua saa chache tu zilizopita ni mwembamba mno na uko karibu mno na mwanga wa jua, hata mwenye macho ya mwewe hauoni. Mwezi wa Ramadhani wenyewe hatufanyi shughuli za usiku, maana kila nyumba ina ratiba yake.

Tutazame nini, na lini?

Masika, kati ya Machi na Mei, msijisumbue sana. Mawingu yatawashinda. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ni miezi mizuri. Na Juni hadi Septemba pia, ingawa upepo wa kusi huleta mawingu ya ghafla.

Januari jioni anza na kundi la nyota liitwalo Jabari (Orion). Nyota tatu za mshipi wake zimepangwa mstari, hata mtoto wa miaka 4 anazipata. Kona moja ina nyota nyekundu, Betelgeuse, na ya pili ng'ambo yake ni nyeupe ya kibuluu, Rigel. Watoto wa madrasa hufurahi wakisikia kwamba Rigel limetokana na rijl, mguu, kwa Kiarabu. Nyota nyingi zina majina ya namna hiyo, na mtoto aliyedhani sayansi yote imetoka Ulaya anapata la kufikiri.

Kisha Kilimia, kundi dogo la nyota zilizosongamana. Hapa waiteni mabibi na mababu, maana nyie walimu mtafundishwa. Jina lenyewe linatokana na kulima, na wazee wanasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kinazama jioni za mwisho wa Aprili na Mei, mvua ikiwa imeshika, na kinazuka alfajiri ya Juni anga limekauka. Waambie watoto wahesabu nyota zake. Wengi hupata 6. Mwenye macho makali hupata 7 au zaidi, na hapo huzuka ugomvi ambao hatuumalizi, tunauacha. Kwa darubini zinaonekana makumi, na kwa jumla kundi hilo lina zaidi ya 1,000.

Kuanzia Mei hadi Julai kuna Msalaba wa Kusini, na baadaye kundi la nyota la Nge linapanda juu kabisa, mkia umejikunja, moyo wake ni nyota nyekundu iitwayo Antares. Watoto wanaomjua nge wa uani hawahitaji kuonyeshwa mara mbili. Nyota ya Ncha ya Kaskazini msiitafute: kwetu iko chini ya upeo wa macho. Lakini mtoto wa Tanga kaskazini anaijua. Makka iko karibu kaskazini halisi ya hapa, inapishana nayo kwa nyuzi 1 na nusu hivi, kwa hiyo anayejua kibla cha msikiti wa mtaani kwao ana dira. Kuna na nyongeza: tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na tena 15 au 16 Julai saa 6:27, jua linakuwa juu ya Kaaba yenyewe. Simika kijiti wakati huo, kivuli kitakuwa kimeipa Makka mgongo.

Shule yetu haiwezi kuwatoa watoto usiku. Je, mchana kuna la kufanya?

Lipo, na ndilo tunalolipenda kuliko yote. Mara mbili kwa mwaka jua la Tanga linapita utosini kabisa: tarehe 7 au 8 Machi, na tarehe 5 au 6 Oktoba. Simamisha chupa ya soda uwanjani. Kivuli kinapungua, kinapungua, kisha kinaingia chini ya chupa na kutoweka. Watoto wakisimama wima kivuli chao kinakuwa kidimbwi miguuni.

Saa yake ndiyo inayowachanganya walimu. Machi hutokea saa 6:34 hivi, na Oktoba saa 6:12, si saa sita kamili. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao unapita jirani ya Mogadishu. Jua likishafika juu kabisa huko, linatumia dakika zaidi ya 20 kutufikia. Tofauti iliyobaki kati ya Machi na Oktoba inatokana na mwendo wa dunia kulizunguka jua, ambao haulingani mwaka mzima, pamoja na kuinama kwa mhimili wake. Kwa watoto wadogo hiyo ya mwisho iruke. Kwa darasa la nne ijaribu.

Shule inaweza kuendelea mwaka mzima kwa kijiti kimoja. Juni kivuli cha saa sita na nusu kinaelekea kusini, Desemba kinaelekea kaskazini. Chora alama kwa chaki kila Ijumaa.

Kulitazama jua ni salama?

Si salama kwa macho matupu, na kwa darubini ni upofu wa papo hapo. Picha za eksirei, kioo kilichofukizwa moshi, miwani ya jua ya sokoni, siidii za zamani: vyote hapana. Miwani maalumu ya kupatwa kwa jua yenye alama ya ISO 12312-2 ndiyo inayofaa, nayo ikikwaruzika itupwe. Kuna njia ya bure: chukua chujio la plastiki lenye matundu, liinue juu ya karatasi nyeupe, ukilipa jua mgongo. Jua likiwa limepatwa, kila tundu litachora jua dogo lililomegwa. Chini ya mwembe ni hivyohivyo, mwanga unaopenya kati ya majani unakuwa miezi michanga mamia ardhini.

Wengi wanakumbuka 1 Septemba 2016, jua lilipobaki pete huko Rujewa mkoani Mbeya. Linalokuja la kujiandaa ni 2 Agosti 2027. Litapatwa lote Luxor na Makka; sisi Tanga tutaona sehemu tu imefunikwa, mchana. Walimu wakuu waanze kufikiri mapema, maana kawaida yetu ni kuwafungia watoto darasani siku hiyo kwa hofu.

Kupatwa kwa mwezi hakuna hatari yoyote. Usiku wa 7 Septemba 2025 mwezi ulizama wote kwenye kivuli cha dunia kwa dakika 82, mwekundu kama shaba. Enzi zetu tungegongeshwa sufuria.

Ninunue darubini gani?

Ukiona boksi limeandikwa inakuza mara 525, liache dukani. Bomba la upana wa milimita 60 haliwezi kukuza zaidi ya mara 120 hivi na picha ikabaki safi; kinachobaki ni ukungu uliokuzwa. Tulinunua moja ya namna hiyo mtandaoni, miguu yake ilitetemeka kila gari likipita barabarani.

Kwa pesa hiyohiyo nunua darubini ya macho mawili ya 7x50 au 10x50, yaani inayokuza mara 7 au 10, yenye lenzi za milimita 50. Inaonyesha mashimo ya mwezi, miezi ya Mshtarii na Kilimia vizuri sana, na mchana inatazama majahazi. Ukipata uwezo zaidi, tafuta inayokusanya mwanga kwa kioo badala ya lenzi, yenye upana wa milimita 114 au 130, na uangalie miguu kabla ya bomba. Hewa yetu ya chumvi na unyevu huotesha ukungu kwenye lenzi. Ihifadhi kwenye mfuko uliofungwa pamoja na vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya.

Watoto 40, darubini moja. Mnafanyaje?

Tunapata tabu. Kila mmoja akitazama kwa dakika moja, wa mwisho amesubiri dakika 40, na kwa mtoto wa miaka 5 huo ni mwaka. Tunawagawa: kikundi kimoja foleni, kingine mkekani kinasikiliza hadithi, kingine kinachora. Ndoo iliyopinduliwa ni ngazi tosha kwa wafupi.

Na kuna uongo wa adabu. Mtoto anainama, haoni kitu, lakini mwalimu kasimama pale na wenzake wanasukuma, basi anasema "nimeona, mwalimu". Usimwulize kama ameona. Mwulize kuna nini pembeni yake, au mpe karatasi achore. Ukikuta amechora kope zake mwenyewe, mrudishe taratibu bila kumfanya achekwe na wengine.

Wapi Tanga panafaa?

Popote penye upeo wazi na taa chache. Ufukwe wa Raskazone unaelekea vizuri baharini, mnaona mwezi mpevu ukichomoza. Ndani ya Ngamiani taa ni nyingi, lakini mwezi na sayari vinaonekana hata kutoka kibarazani. Umeme ukikatika, tokeni mbio: ndio usiku mtakaoona Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota hafifu unaokatiza anga.

Mtoto akiuliza swali gumu?

Kwa nini mwezi unatufuata tukiwa kwenye bajaji? Kwa sababu uko mbali, kilomita 384,400. Minazi iliyo karibu inakimbia nyuma, mwezi wenyewe hauonekani kusogea. Mwonyeshe milima ya Usambara mkiwa njiani kwenda Muheza, nayo inafuata.

Nyota zinaanguka? Hapana, ni vimondo, vijiwe ambavyo vingi havizidi punje ya mchanga, vinavyowaka vikiingia kwenye hewa yetu. Kikubwa mno kinaweza kufika chini, kama kile cha Mbozi mkoani Songwe chenye urefu wa mita 3 hivi. Mtoto akisema babu amemwambia kimondo kinampiga shetani, hatumbishii babu. Upande huo tunamwachia yeye na ustadhi. Sisi tunaeleza kinachowaka ni nini.

Itamsaidia kupata kazi?

Ana miaka 6. Mwacheni kwanza.

Tuje na nini?

Mkeka, kanga ya kujifunika upepo, dawa ya mbu, maji ya kunywa. Tochi ifungwe karatasi nyekundu au kitambaa chekundu, maana mwanga mweupe unaharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza, na kuyarudisha ni dakika 20. Simu mfukoni. Tunaanza baada ya Magharibi na kumaliza saa mbili na nusu, watoto wakalale. Mzazi mmoja abaki kwa kila watoto watano. Na mwenye darubini mpya aijaribu kwanza nyumbani mchana, kwa kutazama mnazi, asije kuifungua boksi mbele ya watoto 40.